Jino la Pembe

Gereji ya Ingalill, nje kidogo ya Arvidsjaur,
nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.
Taa moja. Hita inayonuka vumbi.
Volvo ya mwaka themanini na saba
imekaa kama mtoto aliyefumba mdomo,
na Ingalill, miaka thelathini na moja daktari wa meno ya shule,
anavijua vinywa vya namna hiyo.

Usukani ule mdogo wa mashindano
aliufunga mwanawe, Tage, akiwa na miaka kumi na saba,
mwaka ambao baba yake alihamia Malmö.
Jino la pembe, tunasema, si dawa ya pengo.
Lakini kijana utamwambiaje
kwamba ana pengo?

Sasa Tage yuko Norwe, anafuga samaki.
Gari kamwachia mama, pamoja na usukani
mdogo kama sahani ya supu,
unaoficha saa ya mwendo. Honi haipigi.
Mkaguzi alitazama, akaandika, akageuka.
Wiki tatu, karatasi inasema.

Usukani wenyewe ulitoka: bolti sita tu.
Kilichogoma ni habu,
kikombe cha aluminiamu kilichoing'ata shafti
kwa meno madogo pande zote.
Meno! Alicheka peke yake alipoyamulika.

Waya wa betri kauchomoa.
Alama kachora kwa rangi ya kucha,
moja kwenye shafti, moja kwenye habu.
Nati kailegeza, hakuitoa;
mizunguko mitatu kaiacha pale,
maana kitu kilichogoma, siku kikiamua kuja,
huja na uso wa mtu.

Akavuta. Goti kitini, kulia, kushoto,
kulia,
bure.
Mafuta ya kupenya, usiku kucha.
Kikausha nywele, dakika ishirini. Bure.
Jirani, Sixten, akaja na nyundo ya kilo mbili.
"Moja tu."
"Sixten, humo ndani mna bomba
lililoundwa likunjike siku ya ajali.
Ukigonga, litakunjika leo, bila ajali."
Akaondoka amenuna, nyundo begani.

Akampigia Tage. Upepo kwenye simu, kelele za ndege.
"Ulitia nini humu?"
Kimya.
"Gundi, Mama. Ile nyekundu."
"Ukakazia nini?"
"Bomba la mita nzima. Niliogopa ungeng'oka
nikiwa kwenye barafu."
Niliogopa.
Neno hilo hakuwahi kulisikia kwake,
mwaka ule wa milango kubamizwa.

Gundi nyekundu hainyenyekei kwa kikausha nywele.
Akavuka theluji kwa Sixten, akaomba samahani
na kipuliza moto cha kubandulia rangi.
Akapewa vyote viwili, na kipande cha mkate.

Ndipo pula: bolti mbili pembeni, skrubu katikati.
Robo mzunguko. Ngoja.
Jino halivutwi, aliwafundisha wanagenzi wake;
jino husukwasukwa mpaka mfupa uchoke kukataa.
Moto kidogo. Robo. Ngoja.
"Fungua tu," akanong'ona, kwa sauti ile ya kazini,
"utasikia kubanwa, hutasikia maumivu."
Robo.
Mkono ukatetemeka. Akauacha mzigo ulivyo,
akaenda jikoni kuchemsha kahawa.

Tah!
Hadi jikoni ilisikika.
Alipofika, habu ilikuwa imeruka
na nati ikaidaka,
kama kiganja chini ya kidevu.

Akaizungusha nati ile mizunguko mitatu,
habu ikamwangukia mkononi, bado ya moto,
ukoko mwekundu kwenye mizizi.

Usukani wa zamani, mkubwa, mwembamba,
ulikuwa darini ndani ya shuka.
Alama kwa alama ukaingia.
Akabonyeza honi; mbwa wa Sixten akajibu.

Habu hakuitupa.
Aliitia kwenye mfuko mdogo wa karatasi,
wa wale waliobaki tangu shuleni,
akaandika kwa penseli, kama zamani:
Tage. Miaka kumi na saba.
Hakulia.